Chuma, Mafuta na Ini la Mvuvi

Mwananchi wa Rumonge atengenezaye sabuni kwa mawese anaijua siri moja kubwa ya sayansi, hata kama hakupata kuisoma darasani. Sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Ndiyo maana huondoa uchafu. Leo siri hiyo hiyo inatumika maabarani kutengeneza dawa za kusaidia picha za mwili wa binadamu. Tunaona ni wajibu wetu kuieleza, kwani inagusa afya ya watu wa mwambao wetu.

Yako mafuta yaitwayo fosfolipidi, yenye kichwa kimoja na mikia miwili. Yakitiwa majini hujipanga yenyewe safu mbili, mikia ikielekeana, yakawa vifuko vidogo mno viitwavyo liposomu. Mwingereza Alec Bangham na wenzake walivieleza vifuko hivyo katika miaka ya 1960. Mwaka 1988 Marcel De Cuyper na Marcel Joniau wa Ubelgiji walieleza jinsi ya kuzivika punje za oksidi ya chuma utando huo wa mafuta. Punje ya aina hiyo yaweza kuwa na nanomita 10 tu. Punje 100,000 zikipangwa mstari mmoja hujaza milimita moja.

Faida yake ni nini? Mashine ya kupiga picha kwa sumaku husikiliza haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Punje ya chuma huvuruga usumaku ulio karibu nayo, sauti ya maji hayo ikafifia upesi, na mahali hapo pakawa peusi pichani. Ini lenye afya huzimeza punje hizo. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hauzimezi, nao hubaki mweupe. Dawa ya chuma ya kazi hiyo, iliyovikwa utando wa sukari badala ya mafuta, iliruhusiwa Marekani mwaka 1996.

Ni ukweli usiopingika kwamba kichocho cha tumbo, kipatikanacho katika mwambao huu, huharibu ini. Kwa wagonjwa wengi ultrasaundi yatosha. Lakini uvimbe mdogo wataka jicho kali zaidi, na mvuvi anayetambuliwa kwa kuchelewa hubakiwa na njia chache za kupona. Tena dawa ya gadolinia, itumikayo sana duniani kung'arisha picha hizo, ilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa mbaya wa kukakamaa ngozi kwa watu wenye figo dhaifu. Chuma mwili hukitumia kutengeneza damu. Hata hivyo si cha kuchezewa: dawa za chuma za sindano zimepata kuleta mzio mkali, na punje zilizovikwa mafuta zingali zikichunguzwa maabarani.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri. Hatukubaliani nao. Mwaka 2022, Mbarara nchini Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na wenzao wa kutoka ng'ambo waliunganisha wenyewe mashine ya sumaku dhaifu, kwa nia ya kuwahudumia watoto wenye maji kichwani. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya thelathini ya mashine za kawaida. Na mwaka 2020 watafiti walionyesha, katika miili ya panya, kwamba punje za chuma huonekana vyema hata kwa sumaku iliyo dhaifu kuliko hiyo.

Funzo ni wazi. Askari hakabidhiwi silaha asiyoweza kuifungua na kuisafisha. Vivyo hivyo hospitali isikabidhiwe mashine isiyo na fundi wake. Hatuna budi kuwasomesha vijana wetu fizikia na kemia, kuanzia na sabuni ya mawese waionayo nyumbani, ili punje hizo zitakapothibitishwa kuwa salama, zikute mikono iliyo tayari. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.