Umeokoka, sawa. Leo je?

Wasee wa Makadara, tuambiane ukweli. Kuna mtu aliokoka kwa kesha kitambo, na tangu hapo hajawahi kumwambia mtu "nisamehe". Konda akichelewesha chenji pale Jogoo Road anamtusi, Jumapili ndiye ameshika maiki. Mimi hiyo naiita kiburi kimevaa suti.

Askofu Festo Kivengere wa Uganda alimtoroka Idi Amin mwaka wa 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kuchukia, ni yeye. Lakini alitubu hiyo chuki. Na alikuwa ameokoka miaka mingi, mhubiri mkubwa! Wewe unaniambia wiki nzima hujakosa? Vile ulimjibu mathe Jumanne ilikuwa nini, maombi?