Kakao imeshuka Kyela, ahadi za kanisani bado ni za bei ya juzi

Ukisali Kyela Jumapili, usiwahi kuondoka. Ibada ikiisha, mnada unaanza nje: mkungu wa ndizi, kuku, mchele, pengine chupa ya mawese. Asiye na hela ameleta alichovuna, mwenye hela ananunua, pesa inaingia kanisani. Ukitaka kujua hali ya uchumi wa wilaya, simama hapo. Kuku akikosa mtu wa kupandisha bei, ujue mifuko imekauka.

Na sababu zipo. Bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 12,000 kwa tani Desemba 2024. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa karibu dola 6,000. Mnada wa stakabadhi ghalani unafuata soko hilo hilo: huko bei ikidondoka, huku mkulima anasomewa bei ndogo kwenye AMCOS yake.

Mpunga nao una mtihani wake. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kupita kwenye bonde hili kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Masika yakizidi, shamba linageuka bwawa, na nyumba pia.

Hapo kanisa linabanwa pande mbili. Sadaka inapungua wakati uleule wahitaji wanaongezeka. Hospitali ya Kilutheri ya Matema, iliyo chini ya Dayosisi ya Konde ya KKKT, haiwezi kumwambia mama mwenye uchungu asubiri msimu wa kakao.

Kwa hiyo sisemi watu waache kutoa. Shida yangu ni ahadi za ujenzi.

Chukulia mtu aliyeahidi mifuko 10 ya saruji kakao ikiwa juu. Leo jina lake linasomwa mbele ya usharika: bado hajamaliza. Atafanya nini? Atakopa. Au atauza njonjo, yaani kakao mbichi, kwa bei ya kutupa kabla haijafika mnadani, biashara ambayo imepigwa marufuku. Au ataacha tu kuja. Huyu wa tatu ndiye ananitia hofu, maana hakuna aliyemfukuza. Ameona aibu, basi.

Jibu la kawaida ni kwamba kazi ya Mungu haisimami. Sawa, lakini kazi ipi?

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia kutoka Nyasaland na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Msaada wa Ulaya ukakatika. Waskoti wa Livingstonia, upande wa Malawi ya leo, walikuja kusaidia baadaye, lakini katikati hapo waliobeba sharika ni wazee wa kanisa na wainjilisti wenyeji. Kilichoendelea ni ibada, mafundisho na kutembelea wagonjwa. Sidhani kama kuna aliyekuwa anauliza bati zimefika ngapi.

Kuna na suala la kuaminiana. Waumini wa Konde hawajasahau mgogoro wa kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, uliofikia hadi kumwondoa askofu mwaka 2022. Ukishapitia hayo, unauliza kila shilingi inaenda wapi, na una haki ya kuuliza.

Wazee wa kanisa wanaweza kuanza na vitu vidogo kabisa. Orodha ya majina isisomwe tena hadharani. Anayedaiwa aitwe pembeni, aulizwe kwanza nyumbani wanakula nini. Ujenzi usubiri hadi kakao ya msimu ujao ipimwe. Na mnada wa Jumapili moja kila mwezi, hesabu yake ikitangazwa palepale, uende kwenye nyumba zilizoingiwa na maji, hata kama mwenye nyumba anasali kanisa jingine.