Tazameni Lori la Chama Chini ya Tumbo

Ukitaka kujua hali ya lori la chama chenu cha ushirika, usilitazame usoni. Usoni malori yote ni mazuri. Rangi imepakwa, jina la chama limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na nyuma kuna maneno ya kuchekesha yaliyoandikwa na fundi aliyelipwa vizuri. Tandika gunia chini, ulale chali, uingize kichwa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kisha utazame juu. Hapo ndipo utakapoona kama mali ya wakulima inatunzwa au inaliwa.

Kinachoila ni kutu. Kila mkulima anaijua kutu, maana amewahi kuacha jembe shambani wakati wa mvua. Lakini jembe ni hasara ya mtu mmoja. Lori ni la watu wengi, na mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo ambao hukatwa kidogo kidogo katika pesa za maziwa au za viazi. Tangu mwaka wa 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kukatwa vipande na kupewa wakulima wadogo chini ya ule mpango wa ekari milioni moja, kazi ya mkulima wa Kinangop, Ol Kalou au Lugari haikuwa kulima tu, bali pia kuyafikisha mazao yake sokoni kabla hayajaharibika. Lori likisimama wiki mbili wakati wa mvua, maziwa huchacha na viazi huuzwa kwa bei anayoitaka dalali.

Maoni yangu ni haya. Vyama vingi hutumia pesa juu ya lori na kusahau chini yake, kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kutazama chini. Tena pale chini panapokumbukwa, mara nyingi hufanyiwa dawa ambayo ni mbaya kuliko kutofanya lolote.

Chuma hakipati kutu kwa sababu ya uzee. Hupata kutu kikikutana na maji na hewa kwa pamoja. Ukiongeza chumvi, kutu hukimbia. Na kutu ikishaumbika hujaza mahali pakubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hivyo husukuma na kupasua. Ndiyo maana utaona vyuma viwili vilivyofungwa pamoja kwa riveti vimeachana katikati kama kurasa za kitabu kilicholowa. Riveti bado ipo, lakini haishiki kitu.

Sasa tazama kazi ya lori la skimu. Udongo wa uwanda wa Kinangop ni mfinyanzi mzito unaoshika maji. Ukirushwa na gurudumu hunata juu ya chesisi, nyuma ya madigadi na kwenye pembe za springi, na hapo hubaki mbichi siku nyingi baada ya barabara kukauka. Dereva atakuambia gari ni kavu kwa sababu mlango ni mkavu. Huku ukungu na baridi ya mwezi wa Juni hadi Agosti haviachi hata matope yale madogo yakauke.

Halafu kuna mbolea, na hapa ndipo pa kuangalia zaidi. Lori huleta CAN na DAP kutoka mjini. Mifuko mingine hupasuka, na punje hupita kati ya mbao za bodi na kuangukia vyuma vilivyo chini. Mbolea hizi ni chumvi. CAN hunyonya unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua, jambo analolijua kila mkulima aliyewahi kuacha mfuko wazi usiku kucha. Basi punje chache zikilala katika pembe ya chuma hujitengenezea maji yao wenyewe, na maji hayo ni makali. Hazihitaji mvua wala mto. Kesho yake lori lile lile hupakia ng'ombe wa mnada, na mkojo wa ng'ombe una chumvi na amonia. Keshokutwa ni mitungi ya maziwa. Yakimwagika huchacha, na yakichacha huwa asidi. Bodi hupigwa maji kwa ndoo, wote wakaridhika, kumbe uchafu wote umesukumwa chini kwa yale maji.

Kati ya bodi na chesisi mara nyingi hulazwa ubao mrefu ili vyuma visisuguane. Ubao huo hunywa maji na kuyashikilia juu ya chesisi kama kitambaa kibichi juu ya kidonda. Kutu ya hapo haionekani upesi, maana ubao umeifunika. Lori likifunguliwa bodi kwa ajili ya kazi nyingine, mwambieni fundi autazame ubao huo na chuma kilicho chini yake kabla ya kurudisha kitu chochote.

Jambo jingine ambalo wanunuzi hawaulizi ni lori lilitoka wapi. Malori mengi madogo yanayonunuliwa na vikundi vyetu huja yakiwa yametumika Japani. Sheria ya Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka 8, na watu huona hiyo ni salama ya kutosha. Lakini katika nchi za theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na gari hupita juu ya maji hayo ya chumvi miezi kadha kila mwaka. Hata hapa kwetu, lori lililobeba chumvi ya Gongoni au magadi ya Kajiado si sawa na lililobeba kabichi. Bei ikiwa ya chini sana na rangi ya chini ikiwa mpya sana, chukua bisibisi ukwaruze kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwema hatakasirika.

Pengine mtu atasema lori likioza chini ni pesa tu, na pesa hutafutwa. Si pesa tu. Mabomba membamba ya mafuta ya breki hupita kando ya chesisi, na kutu huyaanza pale yanaposhikwa na vibanio, kwa sababu matope hukaa hapo. Bomba hulika polepole hadi likawa jembamba kama karatasi, na halipasuki siku dereva anapokanyaga breki taratibu uwanjani. Hupasuka siku anapoikanyaga kwa nguvu zote, lori limejaa viazi, mbele yake mteremko wa Mai Mahiu. Malori makubwa yana breki za upepo, na matangi ya upepo hukusanya maji kwa ndani, kwa kuwa hewa ikishindiliwa huacha unyevu wake humo. Tangi ambalo halina njia yake la kujimwaga lenyewe lazima limwagwe kila siku kwa kufungua valvu ya chini. Ni kazi ya dakika moja, na madereva wengi hawaifanyi.

Sasa nije kwa hiyo dawa mbaya niliyoitaja. Kuna mafundi ambao wakiitwa kutibu kutu huja na kopo la lami nyeusi na brashi. Kabla ya saa sita mchana lori lote chini ni jeusi, linang'aa, kamati inafurahi na kulipa. Mafundi hao watanichukia, lakini kazi hiyo ni ya kuficha. Lami juu ya chuma safi, kikavu, kilichopakwa rangi, ni ngao nzuri dhidi ya mawe. Juu ya matope na kutu ni blanketi. Hufungia ndani unyevu uliokuwapo, kisha yenyewe hukauka na kupata nyufa, maji yakaingia yasionwe na mtu. Huziba pia vile vitundu vilivyotobolewa kiwandani ili maji yatoke ndani ya vyuma vyenye uwazi, na chuma kikaoza kwa ndani. Baada ya mwaka mmoja au miwili hudondoka kipande kizima cha lami, na chuma kimeshikamana nacho. Chama kililipa ili kisione.

Wengine hunyunyiza oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Ni desturi ya zamani, na ni kweli kwamba mafuta huzuia maji. Lakini oili iliyokwisha tumika imejaa uchafu wa injini na metali. Hudondoka njiani, katika malisho na karibu na visima. Hulainisha na kuvimbisha raba za springi. Na ikifika kwenye breki ni hatari. Mtu anayeuza maziwa hana sababu ya kumwaga taka hiyo mahali ng'ombe wake wanapokula.

Kazi iliyo sawa si siri, ila inataka siku kavu na uvumilivu. Miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri katika nyanda zetu za juu. Liegeshe lori mahali tambarare, uzibe magurudumu, na asiingie mtu chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki pekee, hata kwa dakika moja. Tia stendi imara za chuma kwanza. Ondoa matope kwa kijiti cha mbao, kisha osha kwa maji mengi, bila kuelekeza mashine ya maji yenye nguvu kwenye nyaya wala beringi. Acha lori likauke juani na penye upepo siku moja au mbili. Msilifungie ndani ya stoo likiwa bichi, maana joto la stoo isiyopitisha hewa huzidisha kutu badala ya kuikausha.

Likikauka, chukua nyundo ndogo upigepige chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza husema "puu" kama boga. Palipooza hapatibiwi kwa rangi hata kidogo. Hapo ni kazi ya fundi anayezijua chesisi, kwani si kila chesisi ya lori inakubali kuchomelewa au kutobolewa ovyo, na betri lazima ifunguliwe kabla ya kuchomelea. Palipo na kutu ya juu tu, sugua kwa brashi ya waya na msasa hadi uone chuma. Yale mashimo madogo ambayo brashi haifiki hupakwa dawa ya kugeuza kutu, ambayo kwa kawaida ina asidi ya fosfori. Vaa glavu na miwani. Kisha paka ile rangi nyekundu ya chini ambayo wauzaji huiita redi oksaidi, ikauke, halafu rangi ya juu mara mbili. Ndani ya vyuma vyenye uwazi hupulizwa nta ya magari, ambayo hupenya na haikauki ikapasuka. Hapo sasa, kama mnapenda lami, ipakeni panaporushwa mawe na magurudumu.

Msipake kitu chochote juu ya ekzosi, ngoma za breki, viungo vya propela, raba, wala vile vitundu vya kutolea maji. Wala msifunike namba ya chesisi. Siku ya ukaguzi afisa ataitafuta, na mtaanza tena kukwaruza mbele yake.

Lakini rangi yote hii itapotea bure kama hakuna mtu wa kuosha. Ndiyo maana nasema shida hasa si kutu, ni utaratibu wa chama. Mwenyekiti anadhani dereva anaosha chini. Dereva anadhani ni kazi ya tanboi. Tanboi huosha vioo, kwa kuwa vioo ndivyo mwenyekiti anavyovitazama. Ningependa kila chama kimpe dereva nusu siku kila wiki, yenye malipo, ya kuosha na kutazama chini, na pia saa moja kila baada ya kubeba mbolea au ng'ombe. Na mara moja kwa mwezi mjumbe mmoja wa kamati, kwa zamu, alale kwenye lile gunia na kurunzi mkononi, aandike alichoona katika kitabu kile kile kinachoandikwa oili na matairi. Ukaguzi wa NTSA ni wa mara moja kwa mwaka; kutu haingoji tarehe hiyo.

Najua wanachama wengine watapinga. Watasema lori lililosimama nusu siku halileti pesa. Ni kweli, nusu siku ni safari moja au mbili. Lakini chesisi ikivunjika, lori husimama miezi, na mkopo haukomi kukatwa. Wengine watasema mjumbe wa kamati hakuchaguliwa ili achafue shati. Huyo, kwa maoni yangu, aachiwe nafasi ya kupumzika katika uchaguzi ujao.

Maji ya kuoshea yasiwe ya mtoni, na lori lisiingizwe mtoni, kwa maana wako watu na ng'ombe wanaokunywa chini yenu. Sakafu ya mawe yenye mfereji na shimo la kutuliza matope, karibu na tangi la maji ya mvua la chama, inatosha. Wanachama wanaweza kuijenga wenyewe kwa mawe ya hapo hapo.

Na kama mvua ya Machi imekwisha kuanza mnaposoma haya, msikimbilie kupaka. Osheni kila wiki, zibueni vitundu, badilisheni mabomba ya breki yaliyolika bila kungoja, na mwandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba lori litapumzika wiki moja mwezi wa Januari.