Maua Hayasomi Lumeni

Leo tuweke kando mambo ya seva na programu, twende kwenye grinihausi. Najua kuna atakayeuliza, mtunzi wa programu anatafuta nini kwenye maua? Subiri, utaona.

Wakulima wa maua wanapigiwa kelele moja siku hizi: ng'oa balbu zote, weka LED, bili ya stima itashuka. Upande wa pili wapo wazee wa kazi wanaoapa kwamba ua halichanui vizuri ila kwa balbu ya zamani, ile ya waya. Mimi nasema wote wameruka swali la kwanza. Kabla ya kuuliza taa gani, uliza: hiyo taa inafanya kazi gani?

Taa ya Uholanzi si taa ya Naivasha

Kule Uholanzi mwezi wa Desemba mchana ni takriban saa 8 tu. Mkulima wa huko anawasha taa ili mmea upate chakula, yaani usanisinuru. Kwa miaka mingi alitumia taa kubwa za sodiamu. Taa nzuri ya sodiamu hutoa takriban mikromoli 1.7 za mwanga wa mmea kwa kila jouli ya stima. LED nzuri hupita 2.5. Hapo LED imeshinda, hakuna ubishi.

Sisi tuko jirani na ikweta. Naivasha ina mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, na jua tunapewa bure. Mbona basi mashamba mengine yanawaka taa usiku? Ni kwa sababu ya mimea kama haiperikamu, kile kichaka cha kudumu ambacho matunda yake mekundu hupamba mashada. Haiperikamu hutaka siku ndefu ili ichanue, na saa 12 hazitoshi. Krisanthemu ni kinyume chake: siku fupi ndizo huichanusha, kwa hiyo mimea mama ya kutoa vipandikizi huwashiwa taa ili isichanue.

Kwa hiyo taa yetu hailishi mmea, inaupa habari. Kwa lugha ya kazi yangu, ni biti moja tu: usiku mfupi au usiku mrefu.

Anayesoma habari hiyo

Ndani ya jani kuna protini inayoitwa fitokromu, ambayo wanasayansi wa Beltsville, Marekani, waliweza kuitambua kwa mitambo mwaka 1959. Inasoma rangi mbili hasa: nyekundu ya nanomita 660, na nyekundu ya mbali ya nanomita 730 ambayo macho yetu karibu hayaioni.

Balbu ya waya hutoa zote mbili, ingawa sehemu kubwa mno ya stima yake inapotea kama joto. Zile balbu zilizosokotwa za kuokoa stima hutoa nyekundu lakini nyekundu ya mbali ni kidogo sana. Krisanthemu hailalamiki, kwani nyekundu inaitosha. Lakini jipsofila, mmea mwingine wa kudumu wa siku ndefu, huitika vibaya nyekundu ya mbali ikikosekana. Kwa hiyo yule mzee wa kazi hakuwa mjinga. Aliona sawa, ila sababu hakuijua.

LED nayo hutoa rangi iliyotengenezewa tu. Taa ya zambarau iliyoundwa kwa ajili ya letusi inaweza kukosa kabisa nanomita 730. Halafu muuzaji anakuja na karatasi imejaa lumeni! Lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu, na jicho letu huona kijani vizuri kuliko rangi nyingine. Haiperikamu haina macho.

Hesabu wasiyokuonyesha

Chukua mfano wangu: balbu 100 za wati 100, saa 4 kila usiku. Hiyo ni uniti 40. Weka LED za wati 10 zenye rangi zinazofaa, unapata uniti 4. Vizuri sana.

Lakini tangu miaka ya 1960 imejulikana kwamba mimea mingi haihitaji taa iwake mfululizo. Dakika 10 katika kila 30 mara nyingi zinatosha, kwa sababu fitokromu haisahau haraka. Balbu zile zile kuukuu zikiwashwa hivyo zinatumia takriban uniti 13. Umeokoa theluthi mbili bila kununua balbu hata moja! LED kwa ratiba hiyo hiyo zinatumia uniti 1.3.

Gawanya shamba mafungu matatu, yawake kwa zamu. Kila wakati fungu moja tu linawaka, na kilele cha matumizi kinashuka hadi theluthi. Wateja wakubwa wa stima hapa Kenya hutozwa kwa kilele pia, si kwa uniti pekee. Programu ya zamu kama hiyo ni mistari michache, na kidude cha kuiendesha ni bei ndogo ukilinganisha na kubadilisha taa za shamba zima.

Hapa ndipo LED inapata heshima yake ya kweli: kuwashwa na kuzimwa hakuichoshi. Balbu zilizosokotwa hufa mapema zikifanyiwa hivyo, na taa ya sodiamu huchukua dakika kadhaa kuwaka sawasawa.

Msimamo wangu

LED ndiyo taa ya kununua. Lakini anza na ratiba, uijaribu kwenye tuta moja kwanza, kwani mimea haifanani. Kisha muulize muuzaji maswali mawili: inatoa kiasi gani cha 660 na cha 730? Imejaribiwa kwa mmea wangu? Akianza kukutajia lumeni, mwonyeshe mlango. Maua yakichelewa wiki mbili sikukuu ya wanunuzi imeshapita, mkopo wa taa unabaki wako na vibarua wanarudishwa nyumbani. Yeye atakuwa ameshalipwa.

Ni hayo kwa leo. Mwenye hoja tofauti ailete, lakini aje na hesabu.