Nilifunga Safari Kuwafuata Green Day

Na Mwakio Nyambu

Wapenzi wa roki wa Nairobi tulilelewa na X FM, masafa ya 105.5. Wenzetu wengi walikuwa na muziki wa genge na kapuka, nao ulistahili kupendwa. Sisi tulikuwa na Green Day, watu watatu wa California wanaopiga panki ya haraka, yenye viitikio ambavyo hata asiyejua Kiingereza vizuri angevishika. Tuliwajua kwa redio na kanda za kunakili. Kuwaona jukwaani hatukuwahi hata kukuwazia.

Basi ilipotangazwa kwamba watapiga FNB Stadium, Johannesburg, Januari 19, 2025, nao bendi ya The Offspring wakiwemo, nilikata tiketi. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kuingia Afrika Kusini, na ndege kutoka JKIA, Nairobi, huchukua kama saa nne. Kilichobaki ni akiba, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Niliambiwa mtu mzima hatumii pesa za namna hiyo kufuata nyimbo za ujana.

Nayakataa maneno hayo. Mzee akisafiri kwenda kusikia rumba ya enzi zake, tunamsifu kwa ladha. Kwa nini kizazi kilichokulia kwenye gitaa la umeme kiambiwe kinakataa kukua?

Tena ujana wangu sikuufuata huko. Nilikwenda kusikia kama nyimbo zile bado ni za kweli. Albamu ya American Idiot ilitoka Septemba 2004, Marekani ya George W. Bush ikiwa vitani Iraki, na hasira yake iliielekea nchi iliyotishwa na televisheni yake yenyewe. Wimbo wa Basket Case ni wa zamani zaidi, umo kwenye albamu ya Dookie ya mwaka 1994. Mwimbaji wao, Billie Joe Armstrong, aliutunga kuhusu hofu ya ghafla iliyokuwa ikimvaa hadi akahisi anarukwa na akili, kabla hajaambiwa kwamba ule ni ugonjwa na una tiba. Kwetu kijana wa namna hiyo aliitwa mvivu, au alipelekwa kuombewa. Mimi nilimsikia mtu akilisema jambo hilo waziwazi, bila aibu, kwa mara ya kwanza katika wimbo huo, na sijaacha kuushukuru.

Uwanja wenyewe uko Nasrec, ubavuni mwa Soweto, umejengwa kwa umbo la kibuyu. Wengi tunaukumbuka kwa fainali ya Kombe la Dunia ya 2010. Lakini kabla haujajengwa upya, hapo ndipo Mandela alipowahutubia maelfu kwa maelfu mwaka 1990, siku chache baada ya kutoka gerezani. Ukisimama pale na kusikia uwanja mzima ukiimba, huwezi kuisahau historia hiyo, wala hupaswi.

Armstrong alikuwa na miaka 52 usiku ule. Walipoufikia wimbo wa American Idiot, aliondoa maneno machache ya zamani na mahali pake akaweka jina la Elon, akimlenga Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, mji ulio jirani kabisa na Johannesburg. Kesho yake Donald Trump alikuwa anaapishwa tena kuwa rais, Musk akiwa mmoja wa watu wake wa karibu. Watu walionizunguka walipiga kelele zilizomeza magitaa. Wimbo wenye miaka ishirini ulikuwa umepewa shabaha mpya, na haukuhitaji kubadilishwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo anayesema muziki huu ni kumbukumbu tu hajausikia uwanjani. Pembeni yangu walisimama vijana ambao bila shaka hawakuwa wamezaliwa American Idiot ilipotoka, na waliimba kila ubeti. Hawakuwa na ujana wa kuukumbuka, wanao bado.

Nina ombi moja kwa waandaaji wetu wa matamasha. Bendi za namna hii zikishavuka hadi Johannesburg, zimekwisha kufika Afrika, na Nairobi ina mashabiki waliosubiri tangu siku za 105.5. Ongeeni nazo. Uwanja wa Kasarani upo, na sisi tutalipa.