Hesabu ya ndege ianzie kwenye tangi

Mtu wa Kasha, huku Bagira mjini Bukavu, akitaka kwenda Kinshasa hana barabara ya kumfikisha. Njia yake ilikuwa uwanja wa ndege wa Kavumu, kama kilomita 30 kaskazini mwa Bukavu, hadi waasi wa M23 walipouteka uwanja huo Februari 2025 na safari za abiria zikasimama. Kumwambia mtu huyu apunguze kupanda ndege ili kuokoa tabianchi ni kumwonea. Wa kuulizwa ni mashirika ya ndege yenyewe, na swali ni moja: mwaka huu mmechoma mafuta kiasi gani?

Kila kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya ukaa, kwa sababu kaboni iliyomo hujiunga na oksijeni ya angani. Kwa jumla ndege hutoa karibu asilimia 2.5 ya hewa hiyo inayotolewa na binadamu duniani. Mashirika mengi hupenda kujibu kwa vyeti vya kaboni vinavyotokana na miradi kama ya kulinda misitu, na mpango wa CORSIA uliopitishwa na ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, mwaka 2016 unakubali malipo ya namna hiyo. Mimi sikubali. Mti unaweza kukatwa kesho, ilhali hewa ya ukaa hudumu angani karne nyingi.

Tena sisi wa Kivu tunajua msitu hulindwa dhidi ya nani. Katika miaka ya 1970 Batwa walifukuzwa kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Hawakufukuzwa kwa ajili ya kaboni, hilo nalikiri. Lakini bei ya msitu ikipanda, wa kwanza kubanwa ni wao, kisha mama wa Kasha anayenunua makaa ya kupikia chakula cha siku moja. Haifai abiria wa Brussels alipiwe safari na jiko la mama huyu.

Yapo mambo ya kweli ya kufanya. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganya mafuta yasiyotokana na mafuta ghafi. Ni mwanzo mzuri, ingawa mwaka 2024 mafuta ya aina hiyo yalikuwa kama asilimia 0.3 tu ya mafuta yote ya ndege duniani, na yakihitaji mashamba ya chakula tutarudi kulekule kwenye kunyang'anya watu ardhi kama Batwa. Kwa safari fupi, ndege za mapangaboi hunywa mafuta kidogo kuliko jeti. Na njia zinyooke: Februari 2025, kwa sababu ya vita, Kinshasa ilizifungia anga ndege zilizosajiliwa Rwanda, na ndege inayozunguka nchi kubwa kama Kongo huchoma zaidi. Vita vina moshi wake hata kule juu.

Shabunda, ndani ya Kivu Kusini, ndiko ninakokufikiria zaidi. Unga, sabuni na chumvi hupanda ndege ndogo, na ndege hizo hurudi na kasiterite, yaani madini ya bati. Barabara ya Burhale hadi Shabunda ikitengenezwa, lori moja litabeba mzigo wa safari kadhaa za ndege hizo kwa mafuta pungufu. Wanaotafuta mradi wa tabianchi wa kufadhili Kivu Kusini waanzie hapo.