Namie Amuro Hana Deni la Mtu

Bado kuna watu mtandaoni wanaomlilia Namie Amuro arudi jukwaani, hata kwa shoo moja tu. Mimi nasema mwacheni mama wa watu apumzike.

Hebu angalia alikotoka. Alizaliwa Okinawa, Japani, mwaka 1977, akalelewa na mama peke yake, pesa za kubangaiza. Shule ya sanaa ilimchukua bila karo, na kwa kukosa nauli alienda mazoezini kwa miguu. Septemba 16, 1992, akiwa na miaka 14, kundi lao la Super Monkey's likatoa wimbo wa kwanza. Miaka minne baadaye wasichana walikuwa wanamwiga kuanzia nywele za kahawia hadi buti za soli nene, mpaka wakapewa jina: Amuraa. Na mwenyewe hata 20 hajafikisha!

Halafu 1997, mwaka ule Can You Celebrate? iliuza zaidi ya nakala milioni 2, akatangaza ameolewa na ana mimba. Hapo ndipo ananibamba kabisa. Kwa biashara inayotaka binti aonekane hana mtu, hiyo ilikuwa kama kujifuta kazi. Mwaka 1998 karibu wote alipumzika, akarudi Desemba 31 kwenye Kohaku, ile shoo ya NHK ya kufunga mwaka, machozi yakimtoka. Miezi mitatu haijaisha, mama yake akauawa. Ndoa nayo ikavunjika 2002. Mauzo yakashuka, wakasema ameisha. Yeye akageukia R&B na hip hop, na 2008 albamu ya Best Fiction ikapita milioni.

Sasa mtu kama huyo, siku anatimiza miaka 40, akasema ataacha, na akaacha kweli Septemba 16, 2018, tarehe ile ile aliyoanzia. Utamdai nini? Albamu ya kuaga, Finally, ilikuwa imepita milioni 2. Hakufukuzwa na mtu.

Najua kilichowauma wengi ni 2023, nyimbo zake zilipotoweka kwenye programu za kusikiliza muziki. Hata mimi orodha yangu ilibaki na mapengo. Lakini tumezoea vibaya: tunataka msanii azeeke mbele ya simu zetu, kila wiki kitu kipya. Sisi wa video tunajua, ukinyamaza siku tatu watu wanauliza kama uko hai.

CD zake zipo, DVD zipo. Anayemtaka atafute, apige kwa sauti, na yeye aende zake sokoni bila mtu kumrekodi.